Mazoezi ya Pumzi ya Wachina na Siha ya Mama wa Nyumba Zetu

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa umbo zuri akatukabidhi miili yetu iwe amana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Kwa muda sasa akina mama wanaohudhuria darsa zetu za baada ya alasiri wametuletea swali moja kwa sura nyingi. Wameona katika simu za watoto wao wazee wa Kichina, wake kwa waume, wamesimama bustanini asubuhi na mapema, wakipandisha na kuteremsha mikono taratibu kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa. Wengine wameambiwa kuwa mazoezi hayo huondoa maumivu ya magoti, huteremsha presha na huleta usingizi. Wengine wameambiwa kinyume chake, kwamba hiyo ni ibada ya masanamu na mwenye kuifanya ameitia dini yake hatarini. Na mama mmoja wa miaka sitini na kitu alitupasha kwa furaha kuwa tangu ayaanze mazoezi hayo ameviweka vidonge vyake vya presha juu ya kabati, na hana haja navyo tena.

Huyu wa mwisho ndiye aliyetunyima raha. Jibu la neno moja, halali au haramu, lisingemsaidia, maana hatari aliyokuwamo haikuwa katika kupandisha mikono. Wanazuoni wetu wametufunza kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa. Basi na tukielewe kwanza.

Kitu chenyewe ni nini

Mazoezi haya huitwa chigongi. Kwa herufi za kilatini huandikwa Qigong. Ni maneno mawili. Chi, katika lugha ya kila siku ya Wachina, ni pumzi, hewa au mvuke, na katika maandishi yao ya kale alama ya neno hilo ina ndani yake alama ya mchele, kwa kuwa mvuke wa chungu cha wali ni chi vilevile. Gongi ni kazi, na pia ni ustadi upatikanao kwa kazi inayorudiwa siku baada ya siku. Kwa Kiswahili chetu tungesema ni kazi ya pumzi: mwili huenda polepole, pumzi hufuatana na mwili, na akili hutulizwa ikaviangalia vyote viwili.

Jina kwa maana hii ni jipya, lakini jambo lenyewe ni kongwe. Mapema katika miaka ya 1970 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi ya kabaila mmoja na jamaa zake mahali paitwapo Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, kusini mwa Uchina. Ndani ya kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.) walikuta kitambaa cha hariri chenye picha za watu 44, wanaume na wanawake, vijana na wazee, kila mmoja akinyoosha viungo kwa namna yake. Kando ya baadhi ya picha pameandikwa majina ya wanyama wanaoigwa, na kando ya nyingine majina ya maradhi. Mojawapo ni maumivu ya goti. Dada zetu wanaolalamika magoti kila wanapoinuka kutoka mkekani wajue kwamba malalamiko hayo yana umri wa zaidi ya miaka elfu mbili.

Baada ya hapo akatajwa tabibu Hua Tuo, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 3, ambaye Wachina humnasibishia mazoezi ya wanyama watano: chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Katika karne zilizofuata mambo hayo yakaingia mikononi mwa watawa wa Kitao na wa Kibudha. Wao wakayachanganya na hirizi, na miungu yao, na ndoto ya kuishi milele. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba jambo hili limewahi kubebwa na itikadi isiyokuwa yetu hawakusema uongo, wala hatuwalaumu kwa tahadhari yao. Kilichowapita ni yale yaliyotokea baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika jimbo la Hebei kaskazini mwa Uchina, palikuwa na mtumishi wa chama cha Kikomunisti aitwaye Liu Guizhen, aliyedhoofishwa na vidonda vya tumbo hata akarudishwa kwao akapumzike. Huko kijijini mzee mmoja akamfunza kukaa, kupumua na kutuliza akili. Alipopata nafuu aliwaeleza wakubwa wake, nao wakaona hapa pana jambo la kuwafaa wagonjwa maskini katika nchi isiyokuwa na dawa wala matabibu wa kutosha. Lakini wao hawakuamini miungu yoyote. Wakakaa chini, wakaondoa matamko na matambiko, wakabakiza mkao, pumzi na utulivu, na mnamo 1949 wakachagua jina chigongi. Mwaka 1954 zahanati ya tiba hiyo ikafunguliwa katika mji wa Tangshan, kisha nyingine ikafuata Beidaihe, pwani ya bahari, na mwaka 1957 Liu akachapisha kitabu chake.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Waliotenganisha mazoezi na ibada si sisi leo barazani kwetu, wala si mashekhe wa kileo watafutao rukhsa. Wachina wenyewe walifanya hivyo, na kwa sababu zao. Kilichotufikia katika simu za watoto wetu kwa sehemu kubwa ni mtoto wa utengano huo.

Waislamu wa Kichina

Kuna msemo mashuhuri unaohimiza kutafuta elimu hata Uchina. Wanazuoni wa hadithi wameudhoofisha sana, na baadhi yao wameukataa kabisa, kwa hiyo hatutajenga juu yake hoja yoyote. Wala hatuuhitaji. Uislamu umekaa Uchina zaidi ya miaka elfu moja, na Zheng He, yule kamanda ambaye majahazi yake makubwa yalifika mpaka Malindi yetu katika karne ya 15, alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu ya Yunnan. Tuwatazame basi ndugu zetu wa kabila la Wahui, ambao wameswali na kufunga huku wakiishi katikati ya mambo haya, tuone walifanyaje.

Mfano ulio wazi kwetu ni wa Wang Ziping, aliyezaliwa mwaka 1881 katika nyumba ya Wahui mjini Cangzhou na kufariki mwaka 1973. Alikuwa bingwa wa mieleka na mapigano ya mikono, mtu wa nguvu zilizosimuliwa mbali. Mwaka 1928 aliteuliwa kuongoza idara moja katika chuo kikuu cha taifa cha sanaa za mapigano kilichofunguliwa Nanjing. Lakini alikuwa pia mganga wa mifupa. Huko Shanghai alitibu waliovunjika na walioteguka, na kwa wagonjwa wake na wazee alitunga mazoezi 20 ya taratibu ya kuondoa maradhi na kurefusha siha, ambayo yalichapishwa katika miaka ya 1950. Alipokaribia umri wa miaka 80 bado alisafiri hadi Burma pamoja na ujumbe wa serikali akaonyesha ustadi wake. Binti yake, Wang Jurong, akawa mwalimu wa fani hiyo katika chuo cha michezo cha Shanghai. Mwanamke wa Kiislamu akifunza mwili kwa heshima zake: hilo pia si jambo lililoanza jana.

Na huko Ningxia, kaskazini magharibi, Wahui wana tiba yao ya kukanda na kuchua iliyoitwa kwa jina la birika la udhu. Mwaka 2008 serikali iliiingiza katika orodha ya urathi wa taifa. Watu walioipa tiba jina la birika la udhu hawakuwa wamesahau wao ni nani.

Kuhusu neno chi lenyewe, ambalo katika falsafa ya Kichina hubeba maana pana ya kitu kinachoenea katika viumbe vyote, mwanachuoni wa Kihui Liu Zhi wa Nanjing, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 18, hakulikimbia. Alilitumia katika kueleza uumbaji kwa lugha wanayoifahamu watu wake, lakini akaliweka mahali pake, chini ya Muumba mmoja, kuwa miongoni mwa vilivyoumbwa. Nasi tunasema hivyo hivyo. Anayeitakidi kwamba kuna nguvu ulimwenguni inayoponya kwa hiari yake, inayoombwa na kuelekezwa kwa kiganja cha mwalimu, amekwenda mahali tusipoweza kumfuata. Anayesema chi akimaanisha pumzi yake, joto la mikono yake, na ile hisia ya damu kutembea anapotulia, hana neno. Asili ya mambo ya kidunia ni uhalali mpaka ije dalili ya kuyakataza, na kunyoosha mgongo hakuna dalili iliyokukataza.

Kuna na wanaotujibu upande wa pili: swala inatosha, ina kusimama, kurukuu na kusujudu, ya nini mazoezi ya Wachina? Maneno haya tunayasikia mara nyingi na hatuyapendi. Swala ni ibada. Ina faida kwa mwili kwa fadhila za Mola, lakini anayesujudu kwa nia ya kunyoosha kiuno ameikosa swala na hakukipata kiuno. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa mtu wa swala, na bado katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, aliitengea riyadha ya mwili mlango wake. Kila kimoja na kibaki mahali pake.

Inaponya?

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia.

Historia ya chigongi ina mwanamke mmoja anayesimuliwa sana, Guo Lin, mchoraji wa picha, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1984. Alipatwa na saratani ya kizazi, akaugua, ikarudi, akaugua tena. Alikumbuka mazoezi aliyofunzwa utotoni na babu yake, akatunga mwendo wake mwenyewe: kutembea taratibu, pumzi mbili fupi za kuvuta na moja ya kutoa, hatua kwa hatua. Kuanzia miaka ya 1970 aliwafunza wagonjwa wenzake katika bustani za Beijing, wakati ambapo serikali ya siku zile haikuyatazama mambo hayo kwa jicho jema. Ni mwanamke jasiri na tunamheshimu. Lakini wanaoisimulia habari yake kwa kuuza darsa na kanda huruka jambo moja: Guo Lin alipasuliwa hospitalini, wala si mara moja. Alitembea na kupumua baada ya kisu cha daktari, hakukitembelea kisu hicho kisogo.

Baada yake ikaja homa. Katika miaka ya 1980 Uchina nzima ilishikwa na chigongi. Walijitokeza waalimu waliodai kuponya watu ukumbi mzima kwa mara moja, kutuma chi kutoka mji mmoja hadi mwingine, kusoma maandishi kwa sikio. Hata Qian Xuesen, mwanasayansi aliyeijengea Uchina makombora yake, aliyatetea madai ya namna hii, ikawa dalili kwamba elimu ya fani moja haimkingi mtu na upumbavu katika fani nyingine. Wagonjwa wakaacha dawa. Wengine walikaa wakitafakari saa nyingi mpaka akili zikawavurugika, jambo lililotokea vya kutosha hata orodha ya maradhi ya akili iliyotolewa na madaktari wa Marekani mwaka 1994 ikalitaja kwa jina lake. Mwaka 1999 serikali ikalipiga marufuku kundi la Falun Gong na kuyabana mengine mengi. Mwaka 2003 idara ya michezo ikatoa seti nne tu za mazoezi, zilizochujwa na kuandikwa hatua kwa hatua, zifunzwe kama mazoezi ya siha.

Basi utafiti unasema nini? Upo, na mwingi umefanywa Uchina kwenyewe. Wahakiki wanalalamika kwamba sehemu kubwa yake ni ya makundi madogo yasiyopangwa kwa uimara, kwa hiyo msomaji asibebwe na kila kichwa cha habari. Panapoonekana uimara zaidi ni katika mizani ya mwili. Mapitio makubwa ya mwaka 2019 kuhusu mazoezi ya wazee yalikuta kwamba taichi, ambayo ni ndugu ya chigongi, huenda ikapunguza kuanguka kwa karibu moja ya tano. Anayejua nyonga ya bibi iliyovunjika inavyobadilisha nyumba nzima hataidharau moja ya tano. Kuhusu presha, usingizi na wasiwasi, dalili zinaelekea kwenye manufaa ya kiasi, ya mtu anayeendelea kwa wiki na miezi. Kwamba chigongi huondoa saratani, au husimama mahali pa insulini ya mwenye sukari, au mahali pa vidonge vya presha, hilo halina ushahidi.

Manufaa hayo ya kiasi yanaeleweka bila ya muujiza wowote. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na mwenye hofu hupumua zaidi, juu juu, kwa mabega. Tunapovuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, tunapoitoa hupunguza. Anayeirefusha pumzi ya kutoa, akapumua mara sita au saba kwa dakika, anautumia kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, na anaiamsha neva ndefu itokayo kwenye ubongo ikashuka hadi moyoni na tumboni, kazi yake ikiwa kutuliza. Mishipa hulegea, mabega hushuka. Hiyo ni sunna ya Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake, nayo humfaa kila anayepumua.

Yule mama wa vidonge juu ya kabati tulimwomba jambo moja tu, aende na binti yake akapimwe kabla hatujazungumza la halali na haramu. Kipimo kilikuwa juu sana kuliko alivyozoea, na hakuwa amehisi chochote. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Daktari alimrudisha kwenye dawa na akamwambia mazoezi aendelee nayo. Mtume wetu (s.a.w.) alimfunza Bedui amfunge ngamia kisha amtegemee Mola. Dawa ni kamba ya ngamia huyo. Chigongi labda ni majani anayolishwa.

Vipande vinane vya hariri

Katika zile seti nne, inayofaa zaidi kwa wanaoanza inaitwa Baduanjin, maana yake vipande vinane vya hariri iliyotariziwa. Ndugu zetu wanaume wasishtushwe na jina. Hariri hii haivaliwi. Imejulikana tangu enzi ya Song, karibu miaka 900 iliyopita, na seti nzima huchukua kama dakika 12.

Kabla ya kusogeza kidole, simama. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegezwe kidogo, uzito ugawike sawa kati ya visigino na vidole. Hapa ndipo penye somo kubwa, na wengi hupapita mbio. Sisi tuliwaomba akina mama wa darsa wasimame hivyo kwa dakika mbili na kujitazama kwa ndani kuanzia utosini. Mmoja aligundua kuwa ameyakaza meno. Mwingine kuwa mabega yake yako karibu na masikio. Wa tatu alisema uzito wake wote uko mguu wa kulia, upande anaobebea mjukuu. Hakuna aliyejua kabla ya hapo. Masufi wetu walijua muhasaba wa nafsi. Huu tungeuita muhasaba wa mwili, na mama aliyezoea kumsikiliza kila mtu nyumbani isipokuwa yeye mwenyewe anauhitaji.

Kisha huanza. Kwanza vidole hufumbatwa, viganja husukumwa juu ya kichwa huku pumzi ikivutwa, mbavu zote zikafunguka, kisha mikono hushuka na pumzi hutoka. Pili ni kuvuta upinde: miguu hupanuliwa, mkono mmoja hunyooshwa ubavuni kama unaoshika upinde na wa pili huvuta kamba kifuani. Wanaoinamia cherehani au kushona kofia kwa mkono watahisi kifua kikiwashukuru. Tatu, mkono mmoja husukuma juu na wa pili husukuma chini, kisha hubadilishana. Nne, mwili hutulia na kichwa peke yake hugeuka kutazama nyuma, kulia na kushoto, kwa upole, maana shingo si bawaba ya mlango.

Kipande cha tano, cha kuchuchumaa kwa miguu iliyopanuliwa na kuyumbisha kichwa na kiuno, ni kizito kwa magoti. Wenye magoti mabovu wakiache mpaka wapate mtu wa kuwaongoza. Cha sita, cha kuinama mpaka miguuni, kinanyoosha mgongo na mapaja. Mwenye presha au kizunguzungu aishie magotini na asiteremshe kichwa chini ya moyo. Saba ni kukaza ngumi na kuzisukuma mbele kwa macho makali, na akina mama hucheka sana wanapofika hapo. Cha mwisho ni kuinuka kwa vidole na kuangusha visigino taratibu, mara saba, huku mkono mmoja ukigusa kiti kwa mwenye wasiwasi wa kuanguka.

Vitabu vya Kichina husema kipande hiki ni cha figo, kile ni cha wengu, kingine huzima moto wa moyo. Hiyo ni lugha ya tiba ya kale, kama vitabu vyetu vya tibu vinavyotaja balghamu na safra. Isomwe kwa adabu, isichukuliwe kuwa ni kipimo cha maabara. Na katika yote hayo pumzi isizuiwe. Wapo wanaofunza kuifunga pumzi kifuani na kuhesabu. Kwa mwenye presha au maradhi ya moyo hilo ni jambo la kuogopwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za harakati za wastani kwa wiki, na waliofikisha miaka 65 waongeze mazoezi ya mizani siku tatu au zaidi. Baduanjin mara moja kila siku ni dakika 84. Kutembea kwenda sokoni na kurudi kutaziba pengo, kwa anayeacha kupanda bodaboda.

Mahali na mwalimu

Anayeweza kujifunza na mwanamke mwenzake, katika ua wa nyumba au ukumbi wa wanawake, amepata lililo bora. Nguo pana inatosha. Mazoezi haya hayana kuruka wala kulala chini, na hijabu haiyazuii. La kuangaliwa zaidi siku hizi ni simu. Kabla ya kuanza na zikusanywe kapuni, maana picha ya mama akikaza ngumi na kutoa macho huenda isipendeze itakapofika kwa wakwe. Waume nao tunawanasihi: dakika 12 si nyingi, wachukue mtoto.

Mwalimu aulizwe mambo yake mapema. Akisema kuna sanamu au picha ya kuinamiwa, kuna matamko ya lugha isiyojulikana maana, au kuna nguvu atakayoitia mwilini mwako kwa kiganja, mama avae viatu vyake arudi nyumbani. Akiuza maji yaliyopulizwa au bangili, vivyo hivyo. Akisema dawa za daktari ziachwe, aondoke na awaambie wengine. Wala sisi wenyewe tusiyavishe mazoezi haya nguo ya dini kwa upande wetu, tukapanga nyiradi fulani kwa kipande fulani na thawabu zake. Kumdhukuru Mwenyezi Mungu kuna nafasi kila wakati, ila kuzua utaratibu wa ibada hakuna rukhsa.

Wakati mzuri ni baada ya alfajiri kabla jua halijachoma, au kati ya alasiri na magharibi, tumbo likiwa jepesi. Katika Ramadhani nusu saa kabla ya futari huwafaa wengi, kwa vile vipande vyepesi tu. Anayetumia dawa ya sukari na amefunga asubiri baada ya kula. Mjamzito amuulize mkunga wake kwanza, asisimame kitambo kirefu, na aviache cha tano na cha sita. Asiyeweza kusimama aketi kwenye kiti kigumu kisicho na magurudumu, nyayo zote mbili zikiwa chini, afanye cha kwanza, cha tatu na cha nne, na hivyo vitatu vitamtosha kwa mwezi wa kwanza.